Muulize Anti Lishe: Nimepunguza tumbo, sasa nile nini?

Haya jamani. Toleo lililopita niligusia upasuaji wa kupunguza uzito kwa mistari minne tu, tena mwishoni mwa jibu la mtu mwingine, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Nusu ya meseji zinaanza na "anti usitaje jina langu", wala msiwe na hofu, hapa hatajwi mtu. Nimechukua zile zinazojirudia. Halafu mnaniita dokta, dokta, mimi si dokta, kisu sishiki, mimi ni mtu wa lishe, nakutana na nyie baada ya kisu, pale mtu amerudi nyumbani kafungua friji kasimama tu anaiangalia.

Shikamoo anti. Leo siku ya tisa tangu nifanyiwe slivu. Karatasi ya hospitali inasema wiki mbili vya maji maji tu lakini mi niko fiti kabisa, maumivu hakuna, vidonda vya nje vimekauka, na jana dada alikuwa anakula wali na kuku nikadokoa vijiko viwili na wala havikunifanya kitu. Sasa si niruke tu nianze vyakula laini? Hizi supu zimenichosha mpaka basi. – Nimechoka Supu

Marahaba mwanangu, na jibu ni hapana, tena hivyo vijiko viwili usivirudie.

Ngoja nikueleze ulichofanyiwa maana naona wengi mnatoka hospitali mkijua jina la upasuaji tu. Kwenye slivu wanaondoa zaidi ya robo tatu ya mfuko wa chakula, mara nyingi kama asilimia 80, kinachobaki ni bomba jembamba lenye umbo la ndizi, na pale walipokata pamebanwa na pini ndogo ndogo kuanzia juu mpaka chini. Hivyo vidonda vya nje unavyofurahia vimekauka ni vitobo vya kupitishia vifaa tu, lakini mshono wa ndani ni mrefu kuliko vitobo vyote ukiviunganisha, na huo huuoni. Ukisukuma kitu kigumu kabla haujashika vizuri unauchokoza, na ukivuja, chakula na asidi vinamwagika tumboni, hapo ni kurudishwa chumba cha upasuaji. Na kuvuja hakusubiri uwe bado kitandani hospitali, kunaweza kuja hata wiki ya pili au ya tatu, mtu ameshajiona fiti kama wewe.

Mpangilio wa kawaida uko hivi, ingawa kila hospitali ina karatasi yake na ya kwako ndiyo ya kufuata. Siku moja mbili za mwanzo maji na supu iliyochujwa mpaka unaona chini ya kikombe. Baada ya hapo mpaka kama wiki ya pili ni vya maji maji vyenye nguvu kidogo, maziwa yasiyo na mafuta mengi, mtindi wa kunywa usio na sukari, unga wa protini uliokorogwa. Wiki ya tatu na ya nne vyakula vya kusagwa kwenye blenda mpaka viwe kama vya mtoto anayeanza kula. Ya tano na ya sita vitu laini vya kupondeka kwa uma, yai, samaki asiye na miba, maharage yaliyoiva sana. Chakula cha kawaida ni huko wiki ya saba, ya nane, na nikisema cha kawaida simaanishi sahani yako ya zamani.

Na kama hiyo hamu ya kudokoa unaiita njaa, nina mashaka nayo. Sehemu ya tumbo waliyoitoa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa inayoitwa grelini, kwa hiyo miezi ya mwanzo wengi njaa yenyewe ya tumbo hawaisikii kabisa. Unayoisikia wewe ni ya macho na pua, ya kumuona dada na kuku. Akianza kula toka, nenda kazunguke nyumba, tena kutembea kunakusaidia damu isigande miguuni.

Ila hii ishike kichwani na wa nyumbani waijue. Homa, moyo kwenda mbio zaidi ya mara 120 kwa dakika na umekaa tu, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, bega la kushoto kuuma pamoja na hayo, kukosa pumzi, au mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi. Hapo usiniandikie mimi, ni hospitali usiku huo huo. (Bega kuuma siku mbili tatu za mwanzo bila homa wala nini, mara nyingi ni ile gesi wanayojaza tumboni wakati wa upasuaji, inaisha yenyewe.)

Anti nisaidie maji hayapiti. Nilikuwa nabugia chupa nzima bila kupumua, sasa hivi funda mbili kifua kinajaa kama nimemeza jiwe. Ni wiki ya pili baada ya baipasi. Kwa siku labda glasi mbili. – Kiu

Glasi mbili ni chache mno mdogo wangu. Kukaukiwa maji ni moja ya sababu kubwa za watu kurudishwa hospitali wiki za mwanzo, wanafika kizunguzungu, mkojo rangi ya chai, wanatundikiwa dripu. Lengo ni lita moja na nusu mpaka mbili, na usiitazame kama lita, itazame kwa saa. Ukiwa macho masaa 15, lita moja na nusu ni mililita 100 kila saa, yaani kikombe kidogo cha kahawa kwa saa nzima, funda dogo kila dakika chache. Kifua kinajaa kwa sababu bado unapiga funda zako za zamani. Kwenye baipasi wanatenga kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo, na kifuko hicho kina ukubwa wa yai, kama mililita 30, hizo ni vijiko viwili vya mezani, funda lako moja la zamani linakijaza na kumwagika. Weka alamu kwenye simu kama kichwa kinasahau. Maji ya baridi yakigoma jaribu ya vuguvugu, watu wanatofautiana hapa. Mrija achana nao maana unameza hewa, na soda na vyote vyenye gesi viache.

Ukishaanza kula chakula chenyewe, maji na chakula visikutane. Unaacha kunywa unapokaa mezani na unasubiri nusu saa baada ya kumaliza. Wengi wananibishia hapa. Kifuko ni kidogo, maji yakiingia protini inakosa nafasi, na yakiingia juu ya chakula yanakisukuma kishuke haraka, ukiinuka mezani baada ya muda mfupi unatafuta kingine.

Dada habari. Nina miezi miwili baada ya slivu na nimeruhusiwa kula kawaida. Shida ni nyama. Vipande vitatu tu inakwama katikati ya kifua, mate yanajaa mdomoni kama povu mpaka nikatapike ndio napata nafuu. Kuku wa kuchoma ndio kabisa. Kwa hiyo nimeacha nyama nakunywa chai na biskuti maana hizo zinashuka vizuri. – Povu

Kaka, hizo biskuti kushuka vizuri ndiyo shida yenyewe, nitaieleza huko chini kwa mwenzako. Tuanze na nyama. Ulikula kwa dakika ngapi? Nyie wanaume mkiniandikia mnanitajia mlichokula, kasi yenu hamuitaji hata siku moja. Mlo mdogo tu unatakiwa uchukue dakika 20 mpaka 30. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kitafune mara 20 na zaidi mpaka kiwe kama uji, weka uma chini, meza, tulia, ndipo kingine. Na nyama kavu ndiyo inayokwama kuliko zote, ya kuchoma, ya jana iliyopashwa moto. Kuku huyo huyo akichemshwa mpaka akaachana na mfupa, akabaki na mchuzi wake, anapita. Samaki anapita zaidi. Mwili una ishara zake kabla ya povu, mwingine anapata kwikwi, mwingine makamasi yanaanza kuchuruzika ghafla, mwingine anapiga chafya (najua inachekesha lakini ni kweli), mwingine anasikia mkandamizo chini ya mfupa wa kifua. Ukiipata ishara yako, kijiko kilichoko njiani kirudishe kwenye sahani.

Kwa nini nakung'ang'ania na protini? Unapungua kwa kasi, na mwili ukikosa protini unaanza kula misuli yako, mzani unashuka unafurahi kumbe unachopoteza sio mafuta. Tunataka gramu 60 mpaka 80 kwa siku kwa watu wengi. Yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa 8, nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa 7 hivi, gramu 100 za samaki 20 na ushee, gramu 100 za minofu ya kuku karibu 30. Kwenye sahani protini inaanza, mboga zinafuata, wali au mkate mwisho kama nafasi ipo, na mara nyingi haipo.

Sasa kutapika. Ukitapika siku moja kwa sababu ulikimbiza, sawa. Ukitapika kila siku, mpaka maji yanarudi, usivumilie kiume. Njia inaweza kuwa imebana, na hiyo mara nyingi wanaifungua kwa kamera inayoshushwa kupitia mdomoni. La pili ambalo mimi linanitisha zaidi ni vitamini B1, thiamini. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu, mtu anayetapika mfululizo inamuishia, anaanza kuona vitu viwili viwili, anayumba akitembea, anachanganyikiwa, watu wa nyumbani wanadhani ni uchovu, na ikichelewa kuna vingine havirudi tena. Ukifika hospitali, hata kama sio ile uliyopasuliwa, sema kwa sauti kwamba ulipunguzwa tumbo na umekuwa ukitapika, ili wakupe B1 kabla ya dripu ya glukosi, maana glukosi inamalizia hata kidogo kilichobaki.

Anti jamani nywele! Mwezi wa nne sasa, nikichana zinabaki kwenye kitana lundo zima nimelia. Rafiki kasema ninunue biotini. Na niseme ukweli, vitamini za hospitali zilikwisha mwezi wa kwanza nikaona sina shida nikaacha. – Kitana Kimejaa

Pole mdogo wangu, na asante kwa kusema ukweli. Nywele kwanza. Upasuaji wenyewe na kupungua kwa haraka ni mshtuko kwa mwili, nywele nyingi kwa pamoja zinaingia kwenye mapumziko, halafu miezi mitatu hivi baadaye zinadondoka. Kwa hiyo kinachodondoka leo ni habari ya mwezi ule wa kwanza. Huwa inaanza mwezi wa tatu au wa nne, inatulia yenyewe ndani ya mwaka, na mizizi iko hai, zinaota. Biotini ni vitamini ya kundi la B, pesa ni yako, ila kama hukosi biotini sioni itakusaidia nini. Zikiendelea kudondoka baada ya mwaka, au zikianza wakati upungufu wa kilo umeshatulia, hapo tunatafuta protini, madini ya chuma, zinki.

Ila wewe umeacha vitamini, na hapo ndipo ninapokukalia kooni. Hizo si dozi ya kumaliza kama ya malaria. Ni za maisha. Mfuko umekuwa mdogo, chakula kinachoingia ni kidogo, na kama ni baipasi chakula kinaruka kabisa ile sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba ambako chuma na kalsiamu hunyonywa kwa wingi. Huwezi kuziba hilo kwa mchicha. B12 nayo inahitaji asidi ya tumbo pamoja na kitu maalumu kinachotengenezwa na ukuta wa tumbo ili inyonywe, vyote viwili vimepungua, na ujanja wake ni kwamba ini lina akiba, unaweza kukaa mwaka au zaidi unajiona mzima halafu ganzi miguuni, kusahau sahau, damu imepungua.

Viwango vya kawaida kwa watu wazima ni multivitamini kila siku, kalsiamu miligramu 1,200 mpaka 1,500 kwa siku lakini sio kwa mkupuo, unagawa 500 au 600 kila mara maana zaidi ya hapo mwili haupokei, na ikiwa ya aina inayoitwa sitreti ni bora kwa sababu haitegemei asidi. Vitamini D yuniti 3,000 mpaka kipimo kiseme vingine. B12 ni vidonge vya maikrogramu 350 mpaka 1,000 kila siku au sindano ya 1,000 mara moja kwa mwezi. Chuma kwa mwanamke anayeona siku zake ni miligramu 45 mpaka 60. Kalsiamu na chuma visikutane, waachanishe masaa mawili, wanagombania mlango mmoja. Chai na kahawa pia mbali na chuma. Mimi watu wangu nawaambia chuma usiku wakati wa kulala, kalsiamu asubuhi na mchana, inakaa kichwani haraka. Nenda kapime damu kabla hujajinunulia chochote, kwa sababu umekaa miezi mitatu bila kitu.

Mambo anti, mimi wa baipasi, mwezi wa tano. Jana nilikunywa glasi ya juisi na kipande cha keki, dakika 15 moyo ukaanza kupiga kama ngoma, jasho, tumbo likanyonga, nikakimbilia chooni halafu nikalala chini sakafuni. Nikadhani nakufa. Leo niko mzima. Ni nini hiyo? – Wa Sakafuni

Poa. Hiyo inaitwa dampingi. Zamani tumbo lilikuwa na mlango wa chini unaoachia chakula kidogo kidogo, kwenye baipasi ule mlango hautumiki tena, sukari yote ikamwagika kwenye utumbo kwa mpigo, utumbo ukavuta maji mengi kutoka kwenye damu kuja kuizimua, ndiyo moyo mbio na choo. Ya aina hii huja dakika 10 mpaka 30 baada ya kula. Kuna ndugu yake huja saa moja mpaka tatu baadaye, ile sukari inapanda ghafla, mwili unamwaga insulini kupita kiasi, sukari inaporomoka, mikono inatetemeka, giza machoni, njaa ya ajabu. Hiyo ya pili inadanganya sana kwa sababu mtu anakimbilia kitu kitamu, anapata nafuu, na baada ya masaa mawili yuko pale pale. Ikikujia kweli sawa itulize na sukari kidogo, lakini fuatisha na protini hapo hapo, na ikijirudia rudia kliniki waambie.

Juisi hata kama umeikamua mwenyewe kwa mikono yako ni sukari ya maji, inakimbia kuliko keki. Kula tunda lenyewe, dogo, baada ya protini. Na maziwa yakikusumbua tumbo sasa wakati zamani hayakukusumbua, usishangae, baada ya baipasi inatokea sana, jaribu mtindi. Dampingi sio hatari kwa wengi, na kuna watu wananiambia wanaishukuru maana imewaachisha keki bila mimi kusema neno.

Wiki ya tatu mzani umegoma siku nane!!! Nimepoteza hela bure?? – Mzani

Hapana. Wiki mbili za kwanza ulichoma akiba ya sukari ya kwenye ini na misuli, na kila gramu yake imeshikana na gramu tatu hivi za maji, ndiyo maana kilo zilikimbia. Sasa mwili unarudisha maji yake wakati mafuta yanaendelea kupungua, mzani hauoni tofauti. Karibu kila mtu anagomewa wiki hizo. Panda mara moja kwa wiki, ukiweza ufiche kabisa huo mzani.

Dada salamu. Mke wangu alipasuliwa baipasi miezi mitatu iliyopita, alikuwa na sukari na presha. Anaendelea vizuri ila juzi alizimia akiinuka kitandani. Pia magoti bado yanamuuma, ana diklofenaki zake za zamani anataka kuzirudia. Na mimi sijui nipike nini, nikipika anakula vijiko vinne naona kama hapendi. – Mume

Shemeji, wewe nakupenda bure. Kuzimia ndio la haraka. Baada ya baipasi sukari ya damu huanza kushuka ndani ya siku chache, hata kabla kilo hazijapungua za kuonekana, na presha nayo inashuka taratibu, sasa mtu akiendelea na dozi za wakati ule zinakuwa nyingi kwake. Mpime presha amelala halafu amesimama, mpime sukari, andika, wahi na hiyo karatasi kwa daktari wake wiki hii, tena mapema. Dozi msipunguze wenyewe kwa kukisia. Muulize pia kama ana vidonge vile vya kuyeyuka polepole kutwa nzima, baada ya baipasi huenda visinyonywe inavyotakiwa, daktari anaweza kubadilisha viwe vya kawaida au vya maji.

Diklofenaki, hapana. Wala ibuprofeni, wala aspirini ya kujinunulia. Pale kifuko kilipounganishwa na utumbo panachubuka kirahisi, dawa hizo zinatengeneza kidonda na kidonda kinaweza kuvuja damu au kutoboka. Sigara inafanya hivyo hivyo, kama anavuta. Parasetamoli inaruhusiwa. Hayo magoti yenyewe yatakushukuru kilo zikizidi kushuka. Zitupe hizo za zamani zisimtazame kabatini.

Mapishi sasa. Vijiko vinne ni sawa kabisa, hajakudharau. Pika mlo wa nyumba nzima kama kawaida, mtolee wa kwake kwanza sehemu laini yenye protini kwenye kisahani kidogo, wengine ndiyo wajaze wanga wao. Usimwambie "ongeza kidogo". Najua unasema kwa mapenzi lakini kijiko cha tano kwake ni kutapika. Ukitaka kumpendeza msindikize kutembea jioni.

Anti, slivu miezi sita, siku zangu zilikuwa hazieleweki miaka sasa zinakuja kama saa. Tunatafuta mtoto, tuendelee? – Natamani

Ngojeni kidogo. Ushauri ni kukaa miezi 12 mpaka 18 tangu upasuaji, kwa sababu sasa hivi mwili wako unapungua na hauna akiba ya kumgawia mtu. Na ujue mimba inaweza kuingia kirahisi kuliko unavyodhani, mafuta yakipungua yai linapevuka vizuri, wengi wanashtukia tu. Tumieni kinga ya uhakika, na wale wa baipasi wasitegemee vidonge vya kumeza maana unyonywaji wake si wa kuaminika. Ukikuta tayari umeshashika, usitishike, kimbia kliniki ukaongezewe vitamini na kufuatiliwa kwa karibu.

Anti nimeona aibu kuandika hii. Nilikuwa kilo 128, nikafanya baipasi, nikafika 79, kila mtu ananisifia. Sasa ni miaka miwili na nusu niko 88. Kliniki sijaenda mwaka mzima, nitawaambia nini? Mlo wangu ni mdogo kweli, nakula kama mtoto, lakini zinarudi. Jioni nakunywa glasi ya mvinyo nipumzike. Nimeshindwa, si ndiyo? – Nilikuwa Mfano

Dada yangu, nimeisoma yako mara tatu na nimeiacha ya mwisho makusudi nikupe nafasi.

Tufanye hesabu kwanza kabla ya kulia. Kutoka 128 mpaka 79 ulipoteza kilo 49, asilimia 38. Leo kwenye 88 bado umeshusha 40, asilimia 31. Kule Sweden kuna utafiti wanauita SOS, ulianza mwaka 1987 na ukawafuatilia watu miaka na miaka. Waliofanyiwa baipasi walifika chini kabisa ndani ya mwaka wa kwanza na wa pili, wastani asilimia 32 ya uzito wao wa mwanzo, na baada ya miaka 10 walikuwa kwenye 25. Maana yake kilo kadhaa kurudi ilikuwa ni kawaida ya kundi zima. Wewe na hizo tisa zako bado uko mbele ya wastani wao wa miaka 10, ila sitaki tisa ziwe kumi na tisa ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Umesema mlo wako ni mdogo, nakuamini. Lakini hujaniambia ni mara ngapi. Huu ndio mtego wa mwaka wa pili na kuendelea. Njaa inarudi kiasi, kifuko kinazoea, na mtu anagundua kwamba kuna vitu havimshibishi wala havimkwami, biskuti, chipsi za pakiti, aiskrimu, chokoleti, vinayeyuka mdomoni vinateleza mpaka chini kama maji (kaka Povu uko hapo?). Kifuko hakijawahi kujua kama vimepita. Kuku na mboga vinakaa, vinakushibisha, vinakukera kidogo, kwa hiyo bila kujua unahama kutoka vinavyokera kwenda vinavyoteleza. Halafu unadokoa, kipande hapa, kijiko pale, makombo ya watoto, na kila kimoja ni kidogo kweli, hudanganyi, lakini ni mara 14 kwa siku. Hakuna upasuaji unaozuia hiyo. Upasuaji unazuia sahani kubwa, basi.

Mvinyo. Hapa niwe mkali kidogo. Baada ya baipasi pombe inaingia kwenye damu haraka na kwa wingi, glasi moja ya sasa sio glasi moja ya zamani, na inakaa muda mrefu. Iko wazi pia kwamba baadhi ya watu ambao hawakuwahi kuwa na tatizo la pombe wanalipata baada ya upasuaji huu, na huwa linaonekana hasa kuanzia mwaka wa pili, ulipo wewe. Zamani jioni ilitulizwa na chakula, chakula hakiingii tena, jioni ikatafuta kingine. Simaanishi uko huko. Namaanisha jiulize glasi ilikuwa moja lini na sasa ni ngapi, na kama jibu linakufanya unyamaze, ongea na mshauri nasaha, kliniki nyingi za upasuaji huu wanaye.

Na kliniki urudi. "Nitawaambia nini?" Waambie kilo 88. Hao kila siku wanaona watu wa aina yako, hawana mshangao wowote, na wana vitu ambavyo mimi sina. Wataangalia tezi ya shingo, dawa unazotumia maana nyingine zinanenepesha, watapima vitamini zako ambazo nahisi zina vumbi, wanaweza kuangalia kwa kamera kama maungio ya kifuko na utumbo yamepanuka, na siku hizi kuna sindano za kupunguza hamu ya kula zinazotumika hata kwa waliokwisha kupasuliwa. Nakuomba tu usifuate wale wanaouza "kufufua kifuko" kwa siku tano za maji, kifuko hakinywei kwa maji, utapungua maji na misuli halafu zirudi na riba.

Wakati unasubiri siku ya kliniki, chukua daftari, siku tatu, moja iwe ya mwisho wa wiki. Andika kila kinachopita mdomoni, saa ngapi, umesimama au umekaa, na ulikuwa unajisikiaje, hata kijiko cha kuonja mchuzi, hata glasi. Usijirekebishe siku hizo, kula kama kawaida yako, nataka kukuona wewe wa kweli. Piga picha hizo kurasa unitumie kwenye namba ile ile uliyoandikia, nitakujibu hapo hapo, sio kwenye jarida.